Toroli la Franklin: kazi na macho ya watu katika hadithi za Marekani

Philadelphia, mwanzoni mwa miaka ya 1730. Kijana mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji amenunua karatasi dukani. Anazipakia kwenye toroli na kulisukuma mwenyewe barabarani mpaka kwake, watu wakimtazama. Karatasi zilihitajika, hilo halina ubishi. Lakini alipokuja kuandika maisha yake akiwa mzee, alieleza kwamba toroli lile lilibeba na shehena nyingine: alitaka mji ujue kwamba hajioni mkubwa kuliko kazi yake.

Kijana huyo ni Benjamin Franklin, mtoto wa mtengeneza mishumaa na sabuni wa Boston, mmoja kati ya watoto 17, aliyemtoroka kaka yake na kuingia Philadelphia mwaka 1723 akiwa na miaka 17 na mikate mitatu ya kununua. Alikuwa mchapaji, na alikuwa mchapakazi. Tawasifu yake, aliyoanza kuiandika mwaka 1771, inakiri kwamba ili kulinda jina lake la biashara hakuridhika na kuwa mtu wa bidii na wa matumizi madogo. Alichunga pia asionekane vinginevyo. Alivaa nguo za kawaida, hakuonekana vijiweni, hakwenda kuvua wala kuwinda.

Naanza na toroli kwa sababu wengi wetu tunaijua nusu moja tu ya kinachoitwa maadili ya kazi ya Kimarekani, ile ya sinema: maskini anajituma, analala kituoni, mwisho anatoka. Nusu ya pili ni kule kutazamwa. Katika hadithi za Marekani kazi mara chache huwa kazi tu. Huwa pia ushahidi unaotolewa mbele ya mtu fulani, na ukitaka kuielewa hadithi, mtafute huyo anayetazama.

Mwaka 1748 Franklin aliandika ushauri kwa mfanyabiashara kijana, na humo ndimo lilimopatia umaarufu neno ambalo sisi tumelifanya methali: wakati ni mali. Yeye alisema pesa, na hesabu aliipiga kwa shilingi. Mtu awezaye kupata shilingi kumi kwa siku, akikaa bure nusu ya siku na kutumia peni sita za starehe, asidhani zimemtoka peni sita. Ametupa na shilingi tano nyingine. Katika ushauri huohuo kuna nyundo. Mdai wako akiisikia nyundo yako saa kumi na moja alfajiri au saa tatu usiku, atatulia miezi sita zaidi. Akikuona kwenye meza ya biliadi wakati wa kazi, kesho yake asubuhi anataka pesa zake.

Mwanasosholojia Mjerumani Max Weber, alipoandika mwaka 1904 na 1905 kuhusu maadili ya Kiprotestanti na roho ya ubepari, alimfanya Franklin na nyundo yake kuwa shahidi wake mkuu. Hoja ni ndefu, nitaifupisha. Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali waliohamia New England, walirithi mafundisho ya mwanamageuzi wa dini Calvin kwamba Mungu ameshachagua tangu milele nani ataokoka, na hakuna sadaka ya kulibadili hilo. Sasa mtu atapataje usingizi bila kujua yuko upande upi? Akaanza kutafuta dalili. Maisha ya nidhamu na kazi isiyokatika hayakununua wokovu, ila yalichukuliwa kuwa alama yake. Wanahistoria wamebishana na Weber tangu wakati huo, na sidhani kama aliimaliza kesi. Ila kwa Franklin aliona kitu cha kweli: Mungu amesogea pembeni, desturi imebaki, na palipokuwa na jicho la Mungu sasa pana jicho la mdai.

Ndiyo maana mada hii humchanganya mtu. Anayesema fulani ana bidii anamsifu, tena anamwahidi kuwa atafanikiwa, na papo hapo amekwisha kumhukumu ambaye hakufanikiwa. Yote kwa pumzi moja. Sisi nasi tuna ahadi yetu, mchumia juani hulia kivulini, lakini yetu ina kivuli ndani yake. Hadithi nyingi za Kimarekani hukipita kivuli bila kukitazama. Franklin mwenyewe hakukipita: mwaka uleule wa ushauri wa nyundo alijiondoa kwenye uchapaji akiwa na miaka 42, akala faida ya kiwanda kilichoendeshwa na mshirika wake, akajishughulisha na majaribio ya umeme. Hilo halisemwi kwenye semina za hamasa.

Halisemwi pia kwamba nyumbani kwake walikuwamo watu waliofanya kazi bila ujira. Franklin alimiliki watumwa, na gazeti lake lilichapisha matangazo ya kuwauza. Uzeeni aligeuka, akawa rais wa jumuiya ya Pennsylvania ya kupinga utumwa.

Mtu wa kumsoma bega kwa bega na Franklin ni Frederick Douglass. Alikuwa mtumwa Baltimore, fundi wa kukalafati merikebu, yaani kuziba nyufa zake, na kwa ufundi huo akafikia kupata dola moja na nusu kwa siku. Kila Jumamosi jioni alizipeleka zote kwa bwana wake. Bwana huzihesabu, humkazia macho makali kama ya jambazi, kisha huuliza: "Ni hizi tu?" Wakati mwingine, Douglass akileta dola sita, humpa senti sita za kumtia moyo. Kitabu chake cha mwaka 1845 kinasimulia kwamba senti hizo zilimuumiza kuliko kutopewa kitu, maana alizichukua kuwa ni ungamo. Anayekurudishia kidogo anajua kwamba zote zilikuwa zako.

Mwaka 1838 alitoroka. Huko New Bedford kazi yake ya kwanza ya uhuru ilikuwa kupakia shehena ya mafuta kwenye chombo. Ilikuwa chafu, nzito na ngeni kwake, naye akaifanya kwa moyo mweupe kwa sababu ujira wote ungekuwa wake. Kwangu mimi huo ndio ukurasa pekee katika fasihi nzima ya Marekani ambapo furaha ya kazi imeandikwa nikaiamini bila kusita. Na hapohapo kuna mwiba: alipotafuta kazi ya ukalafati, makalafati wazungu walikataa kufanya kazi naye, akarudi kwenye vibarua. Miaka ya baadaye alizunguka akitoa mhadhara juu ya watu waliojitengeneza wenyewe. Aliitaja kazi humo kwa kuirudiarudia kama kibwagizo, ila alianza kwa kusema kwamba ukitumia neno sawasawa, duniani hakuna mtu aliyejitengeneza mwenyewe.

Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa pia, alichukua njia nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1901 anaeleza alivyofika shule ya Hampton, Virginia, mchafu wa safari, mfukoni ana senti 50. Mwalimu mkuu alimtazama, hakumkubali wala hakumkataa. Baada ya saa kadhaa akamwambia chumba cha jirani kinataka kufagiliwa. Washington alikifagia mara tatu, akakipangusa vumbi mara nne, benchi, meza, ukuta, kabati zote. Mwalimu akaingia, akakagua sakafu, akatoa kitambaa chake cha mkononi na kukipitisha kwenye mbao. Hakikupata hata chembe. "Nadhani utafaa kuingia shule hii," akasema. Kijana anasema huo ndio ulikuwa mtihani wake wa kuingia chuoni, na hakuna mtu aliyewahi kufaulu mtihani akafurahi kumzidi.

Hadithi hii ya fagio ilifika mpaka kwetu. Tume ya Phelps-Stokes, iliyolipiwa na mfuko wa Kimarekani, ilizunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 ikiwa imebeba mfano wa Hampton na wa Tuskegee, shule aliyoijenga Washington, kuwa ndio elimu inayomfaa Mwafrika. Mwaka uliofuata Jeanes School ikafunguliwa Kabete, nje ya Nairobi, kufunza walimu wa vijijini. Wakoloni waliupenda mfano huo kwa sababu zao, na si vigumu kuzikisia: ulimfundisha mtu kuthibitisha kwamba anafaa, ukanyamaza kuhusu nani alimpa mkaguzi haki ya kushika kile kitambaa. W. E. B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, alimpinga Washington kwa hoja ya jinsi hiyo tangu 1903.

Sasa turudi kwenye ile ahadi. Ukiuliza hadithi ya kutoka mavumbini hadi utajirini ilianzia wapi, utaelekezwa kwa Horatio Alger na riwaya yake ya 1868, Ragged Dick. Wanaomtaja wengi hawajamsoma. Dick hupiga viatu brashi mitaani New York, anaweka akiba benki, anajifunza kusoma usiku. Na hatajiriki. Anaishia kuwa karani wa dola kumi kwa wiki, tena anapata nafasi hiyo kwa sababu siku moja akiwa kwenye kivuko mtoto alitumbukia majini, yeye akajirusha kumwokoa, na baba wa mtoto akawa mwenye kampuni. Bidii ilimfanya astahili, lakini mlango ulifunguliwa na bahati, na mkono uliofungua ulikuwa wa tajiri aliyekuwapo pale.

Riwaya ya F. Scott Fitzgerald, The Great Gatsby, ya mwaka 1925, inacheka jambo hilohilo kwa huzuni. Gatsby amekufa. Baba yake, mkulima maskini, anatoa kitabu chakavu cha utotoni mwa mwanawe, na nyuma yake kuna ratiba ya Septemba 12, 1906: kuamka saa kumi na mbili, kunyanyua vyuma, kusoma habari za umeme, kazi, kujizoeza kusema vizuri, kuwaza vitu vya kuvumbua. Chini yake, maazimio: kuacha sigara, kuoga siku moja baada ya nyingine, kuweka akiba dola tano kwa wiki, halafu tano imekatwa ikaandikwa tatu. Ni Franklin mtupu, hata umeme umo. Baba anaisoma kwa sauti, akijivuna. Msomaji keshajua kwamba utajiri wa mwanawe ulitokana na pombe ya magendo.

Riwaya ya Upton Sinclair, The Jungle, ya mwaka 1906, nitaigusa tu. Jurgis, mhamiaji wa Kilithuania katika machinjio ya Chicago, ana jibu moja kwa kila balaa: nitafanya kazi zaidi. Machinjio yanamsaga. Wasomaji walishtushwa na uchafu wa nyama kuliko maumivu ya wafanyakazi, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya ukaguzi wa nyama. Sinclair alilalama kwamba alilenga moyo wa umma, kwa bahati mbaya akaupiga tumboni.

Kwenye filamu ya Charlie Chaplin, Modern Times, ya mwaka 1936, jicho linalotazama limepata mashine. Chaplin ana spana mbili, anakaza nati kwenye mkanda wa kiwanda usiosimama. Anapopata nafasi anaingia msalani, anawasha sigara, anaegemea ukuta. Ukuta wa pili unawaka: sura ya bosi, kubwa kama mlango wa ghala, inamwamuru arudi kazini. Tulicheka sana utotoni. Leo nikiiona nawafikiria watu wanaofanyia kazi nyumbani, kompyuta ikihesabu dakika ambazo kipanya hakikusogea.

Kabla ya Chaplin aliwahi kuwapo mtu aliyekataa kutazamwa akifanya kazi. Ni Bartleby, karani mnakili wa Herman Melville, mwaka 1853, katika ofisi ya wakili, Wall Street. Anapotumwa kulinganisha nakala anajibu kwa upole, "Ningeona afadhali nisifanye." Hagombi, haombi nyongeza, haelezi sababu. Baadaye anaacha hata kunakili, lakini haondoki. Wakili, mtu mzima mwenye leseni, anashindwa kabisa, anahamisha ofisi na kumwacha karani mle ndani! Bartleby anafia jela. Mvivu wangejua la kumfanya; yeye hakuwapa hata uvivu wa kumshitakia.

Tamthilia ninayoirudia zaidi ni Death of a Salesman ya Arthur Miller, iliyoanza kuonyeshwa Broadway Februari 1949. Willy Loman ana miaka 63. Zaidi ya miaka 30 amezunguka na masanduku ya sampuli akiuza kwa niaba ya kampuni moja. Imani yake ni Franklin aliyeozea ndani: nyundo imetoweka, kimebaki kile kinachoonekana tu. Anawafundisha wanawe kwamba ukipendwa na watu hutakosa kitu. Hapati tena mauzo, kwa hiyo kila wiki anakopa dola 50 kwa jirani na kumkabidhi mkewe Linda kama mshahara.

Siku moja anakwenda kwa bosi wake, Howard, mtoto wa aliyemwajiri, kuomba asisafiri tena. Howard amenunua mashine ya kurekodi sauti, na Willy analazimika kwanza kusikiliza mtoto wa bosi akitaja miji mikuu ya majimbo kwa mpangilio wa alfabeti. Kisha anaomba dola 65 kwa wiki. Hakuna. Anashuka hadi 50. Hakuna. Arobaini. Hapo ndipo anapolipuka: huwezi kula chungwa ukatupa ganda, mtu si tunda. Anatoka bila kazi. Nimeona machungwa mengi yakimenywa stendi za mabasi, maganda yakitupwa dirishani, na kila mara sentensi hiyo hunirudia.

Lakini kwa msomaji wa Kiafrika kuna kitu kingine pale, na nashangaa hakitajwi. Willy anamwona mara kwa mara kwenye ndoto zake za mchana kaka yake Ben, mfano wake wa mafanikio. Ben hurudia maneno yaleyale: nilipokuwa na miaka 17 niliingia msituni, nilipokuwa na 21 nikatoka, nami nilikuwa tajiri. Msitu gani? Afrika. Alikuwa anakwenda Alaska, akakosea njia, akajikuta kwenye migodi ya almasi. Miller hasemi nani waliichimba almasi hiyo, na Willy haulizi. Willy anaamini kwamba kaka yake alitajirika kwa ujasiri, na jasho la watu wengine limefichwa ndani ya neno "msitu". Ukishaliona hilo, unaanza kuhesabu ni hadithi ngapi za kujitengeneza zina msitu wake mahali fulani.

Na Linda je? Anakaa jioni akishona soksi zake zilizotoboka, huku Willy akimpa mwanamke wa Boston soksi mpya. Linda ndiye anayejua deni la friji na la nyumba limebaki kiasi gani. Katika nyumba nzima yenye kuimba kazi, yake haiitwi kazi. Willy mwenyewe ana kazi moja ya kweli: mikono yake ni hodari kwa saruji. Makaburini mwanawe Biff anasema kuna Willy mwingi zaidi kwenye kile kibaraza cha mbele kuliko kwenye mauzo yote aliyowahi kufanya. Amejiua ili familia ipate bima ya dola 20,000, na Linda anamwambia kaburini kwamba leo hii wamemaliza kulipia nyumba.

Baada ya Willy, filamu kubwa za mafanikio huwa nazitazama kwa jicho la pembeni, ingawa nazipenda. Rocky, mwaka 1976, tunamkumbuka akimeza mayai mabichi matano alfajiri na kupanda mbio ngazi za jumba la sanaa, Philadelphia, mji uleule wa toroli. Tunasahau mawili: bingwa alimchagua kwa sababu jina lake la ulingoni lilimchekesha, na mwisho wa pambano Rocky anashindwa kwa pointi. The Pursuit of Happyness, mwaka 2006, inatokana na maisha ya Chris Gardner huko San Francisco. Will Smith, akiigiza, anajifunza kazi ya udalali wa hisa bila mshahara, huku akilala na mwanawe kwenye choo cha kituo cha treni. Simu akimaliza haweki chini mkono wake, anabonyeza tu, anaokoa dakika nane kwa siku. Hanywi maji asije akapoteza muda msalani. Nyundo ya Franklin imekuwa kibofu cha mkojo. Anapopewa kazi, machozi yanamlenga, nami nalia naye kila mara. Ila katika filamu walioanza ni 20 na nafasi ilikuwa moja, na kamera haiwafuati wale 19 nyumbani. Nao labda hawakunywa maji.

Miaka 14 baadaye ikaja Nomadland, na inawafuata haohao. Fern ana miaka sitini na kitu. Mumewe amekufa, na mji wao, Empire, Nevada, uliojengwa na kampuni ya jasi, umefungwa pamoja na kiwanda mwaka 2011, hata msimbo wake wa posta ukafutwa. Anaishi ndani ya gari, akifuata kazi za msimu: kufunga vifurushi ghalani wakati wa Krismasi, kusafisha vyoo vya kambi, kupakua viazisukari. Amechuma juani, na kivuli hakuna.

Kuna mahali anakwenda ofisi ya ajira. Afisa, mwanamke mpole, anamtazama kwenye kompyuta na kumwambia hali ni ngumu, labda ajiandikishe kustaafu mapema. Fern anajibu kwamba mafao hayo hayatamtosha. "Nahitaji kazi," anasema. Halafu, bila kuulizwa, anaongeza: "Napenda kazi."

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi nikitazama uso wake. Sentensi ya kwanza ni njaa, haihitaji mfasiri. Ya pili siijui bado: kama anajisemea mwenyewe, au anamwambia yule aliyekaa upande wa pili wa meza.